Alama Nyekundu ya Kibanda Changu

Jumatano, 11 Juni

Daftari hili ni la siri, Ndanu, wewe peke yako utalisoma ukipewa ofu ya kupumzika. Mimi kuandika nilifundishwa kwa barua, kwa hivyo nianze na salamu. Hujambo mwanangu, huko Lavington unakolea watoto wa watu? Baba yako Kitonga hajambo ila mgongo, kazi bado hawezi. Ndugu yako Muthama hajambo, anakula tu. Mdogo wako Yvonne hajambo ila kikohozi cha vumbi la barabara. Nyanya yako wa Mwingi hajambo, anauliza utaolewa lini. Mimi sijambo kidogo.

Leo watu wa barabara wamekuja hapa Uthiru na kopo la rangi nyekundu. Wanapanua barabara ili mabasi makubwa yapate njia yao. Maji ya mfereji hatujayaona wiki ya tatu, lakini basi lipate njia. Vibanda vya mbele vimepigwa X na namba. Cha jirani yangu Salme wa viazi karai ni 47. Changu wamekipita kama hawakioni. Miaka tisa napika muthokoi hapo, mahindi ya kukoboa na maharagwe, na chungu hicho ndicho kinalisha nyumba nzima.

Salme amelia. Nimempa pole na chai.

Alhamisi, 12 Juni

Pole yangu nairudisha. Mwenyekiti wetu wa vibanda, Odero, amesikia kwa mtu wa ofisini kwamba wenye alama watapewa nafasi kwa soko jipya. Lina paa, choo na bomba. Wasio na alama watabaki nyuma ya ukuta wa barabara wakila vumbi. Nikauliza, na mimi je? Akasema Mama Ndanu, ulikuwa wapi alama zikigawanywa, ama ulikuwa unaonja muthokoi? Watu wakacheka.

Kumbe Salme alilia kwa ujanja. Mtu mpole hivyo ni wa kuogopwa.

Jumamosi, 14 Juni

Nimeenda River Road kutafuta rangi. Mwenye duka, Mabruki, aliuliza ni ya kupaka nini. Nikasema kitanda. Akasema kitanda chekundu hivyo, mama, mzee anajua? Nikachukua kopo langu nikatoka.

Mjini wanang'oa mawe mazima ya kando ya barabara na kupanga mengine yanayofanana na hayo. Nimesimama nikatazama. Wanne wanang'oa, mmoja anapanga. Pesa ya kucheza na mawe iko. Ya bomba la Uthiru haiko.

Jumapili, 15 Juni

Sikuenda kanisani. Nimesingizia tumbo. Mpango ulikuwa mzuri: Uthiru yote inaomba, hakuna wa kuniona. Nikasahau Salme ni Mwislamu.

X ilikuwa nusu nilipomsikia nyuma yangu akisema shoga, wapaka nini hapo? Nikasema dawa ya mchwa. Akasema kibanda ni cha mabati. Nikasema ndio mchwa wa siku hizi. Akaenda zake, akageuka mara mbili.

Namba nimeandika 48, baada ya yake. Ile nne imetoka kama kiti kilichopinduka.

Jumanne, 17 Juni

Salme amebomoa kibanda chake mwenyewe. Kaka yake Zaki amekuja na mkokoteni, wakapakia mabati, meza, karai, hata misumari wameinyoosha. Akaniambia na mimi nihamishe vyombo, hiyo alama ni ya kuvunjwa, si ya kupewa. Ati amevunjiwa mara mbili kabla ya kunijua, na hajawahi kuona soko likitoka kwa kopo la rangi. Nikamwambia anataka kuniondoa kwa laini. Akasema haya, Mama Ndanu, kaa na mchwa wako.

Nimecheka. Akirudi kuomba pembe ya nafasi yangu sokoni, nitamfikiria.

Ijumaa, 20 Juni

Tingatinga limekuja saa mbili asubuhi, muthokoi ukiwa motoni.

Karani mwenye orodha alisimama mbele ya 48. Nikamwamkia vizuri, nikamuuliza funguo za soko zinatolewa wapi. Akauliza soko gani. Akasema mama, sisi tunajua barabara tu, toka ndani. Hapo nikaona giza. Nikamwambia alama hiyo si yenu, nimeichora mimi na mkono wangu. Akasema leo kila mtu amejichorea, akampungia mkono dereva.

Haikufika dakika tano. Ile sufuria niliyopewa siku ya harusi imekuwa bapa kama chapati. Muthokoi umemwagika barabarani, kuku wakaufuata.

Kisha wakafika kwa Omollo fundi wa viatu. Naye ni 48, ile ya kweli, ambayo sikuiangalia nilipojichorea yangu. Karani akatazama orodha, 48 ameshaikata. Akasema huyu ameandikwa mara mbili, wakampita. Omollo amenishika mikono yote miwili, akaniita mwokozi. Atanishonea viatu bure mpaka nife. Nina pea moja.

Jioni Salme amekuja na sahani ya viazi. Amehamia nyuma ya kituo cha mafuta, amesema nusu ya meza ni yangu. Hakunitajia mchwa. Nililia mbele ya watoto. Baba yako aliuliza tu kesho tunapika nini, na kwa sufuria gani. Nikamsogezea viazi vya Salme.

Jumapili, 22 Juni

Nimefikiria sana, nimeona kosa liko wapi. Ni namba. X haikuwa na ubaya, ila 48 iliniingiza kwa bahati ya Omollo. Ningeacha bila namba, karani angenitafuta kwa orodha mpaka achoke.

Odero amesikia tena, kwa mtu yule yule, kwamba wapangaji wa nyumba zitakazopigwa alama ndio watapewa zile nyumba mpya za serikali. Mwenye ploti tunayopanga amesafiri mpaka Jumatano. Rangi ilibaki nusu kopo. Leo watu wakiwa kanisani nimepiga X kubwa ukutani karibu na mlango wetu, bila namba. Imenyooka kuliko ile ya kwanza.

Yvonne atakuletea daftari kesho. Muulize tajiri wako, si anajuana na wakubwa, hizo nyumba zinatolewa orofa ya ngapi, maana baba yako hawezi ngazi. Nijibu haraka, kabla ya Jumatano. Nimeshaanza kufunga vyombo.