Mratibu wa Figo za Kibondo

Jumatatu, 8 Septemba

Leo nimeona damu ikitoka kwa mtu, ikaenda kutembea, ikarudi. Bado sijakaa sawa.

Mganga mfawidhi alinituma Kasulu nimsindikize Bi Swaumu, muuza vitenge wa hapa Kibondo. Figo zake zimeacha kazi. Kila Jumatatu na Alhamisi anakwenda kliniki ya huko kusafishwa damu. Mimi ni karani wa mapokezi hospitalini, mashine hiyo nilikuwa naisikia tu. Nilidhani ni kitu kama friji. Kweli inafanana na friji. Lakini friji gani hii! Mirija miwili mkononi, damu inazunguka taratibu, na mwenye damu anabishana na mgonjwa wa kitanda cha pili kuhusu rangi za vitenge.

Kisha akaniambia niweke kidole kwenye mshipa wa mkono wake wa kushoto, ule uliotengenezwa na madaktari kwa ajili ya mashine. Unavuma. Kama nyuki ndani ya mzinga. Nilitoa kidole haraka. Nikakirudisha.

Muuguzi Herieth wa kliniki akalalamika kwamba hospitali yetu na kliniki yao haziongei. Mgonjwa akilazwa kwetu, wao hawajui. Wakibadilisha dawa, sisi hatujui. Habari anazibeba mgonjwa mwenyewe, naye amechoka.

Hapo wazo likanijia. Damu yote inapita kwenye mashine moja, inatoka safi. Basi habari zote zipite kwa mtu mmoja. Mimi.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemuwahi Badru wa famasi. Alitaka kumpa Daktari Yusta wa wodini kwetu namba ya Herieth ili waongee wenyewe. Wazo la ajabu. Wakiongea wenyewe, mratibu atafanya nini?

Nikamwambia Daktari Yusta kwamba kliniki imeelekeza kila kitu kipitie kwangu. Nikampigia Herieth, nikamwambia hospitali imeelekeza hivyohivyo. Wote wawili wakanishukuru. Badru akaniangalia kama anayetafuta tarehe ya kuisha kwenye chupa ya dawa. Wivu.

Jumatano, 10 Septemba

Bi Swaumu amelazwa kwetu jioni hii. Homa kali, kifua. Daktari Yusta akaniagiza niwajulishe Kasulu. Nikasema nimeshaanza. Kwa kweli kesho nakwenda Kasulu mwenyewe, nitamwambia Herieth ana kwa ana. Habari nzito haifai kutumwa kwa simu, inapungua heshima.

Ruhusa nimeomba kwa shughuli za uratibu. Shughuli yenyewe ni koti. Mratibu hawezi kuingia kliniki na shati la karani.

Alhamisi, 11 Septemba



Asubuhi nilimpelekea fundi Asmahani wa Kasulu koti langu jeupe anidarizie MRATIBU kifuani. Akasema nizunguke kidogo. Nikaenda kunywa chai. Narudi, duka limefungwa. Jirani akaniambia Asmahani amekimbilia msibani Heru Juu. Koti limo ndani. Simu imo mfukoni mwa koti.

Na simu inaita. Naisikia mlangoni. Inakata, inaita tena.

Nikapanda bodaboda mpaka Heru Juu, vumbi mpaka kwenye meno. Asmahani yuko katikati ya wanawake wanaolia. Ilibidi nami nilie kwanza, ndipo niombe ufunguo. Wakaniona nina uchungu sana, wakanikalisha karibu na wafiwa. Kutoka pale ikawa kazi. Nafungua duka, jua limeshageukia magharibi.

Simu imejaa majina mawili. Herieth, akiuliza kwa nini Bi Swaumu hajafika. Daktari Yusta, kwa ujumbe: wauguzi wa zamu walimwekea dripu kama mgonjwa yeyote wa homa. Mwili wake hauna pa kuyatolea maji hayo. Sasa anashindwa kupumua. Niulize haraka uzito anaotakiwa kubaki nao akishatolewa maji, na niwaambie waandae mashine, wanamleta.

Nikakimbia hadi kliniki. Gari la wagonjwa limefika kabla yangu. Badru alikuwa ameitoa ile namba, na Daktari Yusta na Herieth wakaongea tangu gari linaondoka Kibondo. Mashine ilikuwa inamsubiri.

Nilisimama mlangoni. Bi Swaumu ameketi wima, midomo ya kijivu, kila pumzi anaipigania. Herieth hakukimbia wala hakupaza sauti, mikono yake tu ndiyo ilikuwa inakwenda. Mashine ikaanza kunyonya maji. Sikuthubutu kusogea. Binadamu alikuwa anazama kitandani, kwenye nchi kavu, na sisi tulikuwa tunamwona akitolewa. Pumzi zikarefuka. Midomo ikapata rangi. Nililia tena, safari hii bila kutafuta ufunguo.

Akafumbua macho, akaniona.

“Castory, baba, ulikuwa wapi?”

Nilikuwa nimevaa koti. Limeandikwa MRATI. Asmahani hakumaliza.

Ijumaa, 12 Septemba

Wamekubaliana. Mgonjwa wa figo akilazwa kwetu, daktari anampigia Herieth kabla ya kuwekwa dripu yoyote. Akitoka kliniki, Herieth anampigia daktari: uzito, dawa, hali. Mkono unaovuma haupimwi presha wala kuchomwa sindano. Basi. Hakuna wa katikati.

Daktari Yusta aliniita pembeni. Nilitegemea kelele. Akasema polepole tu, “Hukutuunganisha, Castory. Ulisimama katikati yetu.”

Nimerudishwa dirishani mapokezi. Badru alipita akanisalimia vizuri kabisa. Hilo liliniuma zaidi.

Jumapili, 14 Septemba

Nimetoka kanisani. Nimemshukuru Mungu kwa Bi Swaumu, kwa mashine, na kwa wanawake wawili wenye simu. Nimeapa mbele ya altare kwamba sitasimama tena katikati ya watu wanaotaka kuongea. Nilitoka mwepesi.

Nje ya kanisa nikasikia kwamba mwezi ujao madaktari wa macho wanakuja kambini Nyarugusu, na wagonjwa wa Kibondo wamekaribishwa. Mtu ameishi gizani miaka, anafunguliwa bandeji, anamwona mjukuu wake. Mwili wote ulinisisimka. Jambo kubwa namna hii haliwezi kuachwa liende lenyewe. Linahitaji mtu mmoja.

Nimempigia kiongozi wao. Nimemweleza kwamba habari zote za macho ya Kibondo zinapitia kwangu. Amenishukuru sana, amesema atanipigia jioni hii kwa jambo la haraka.

Sasa nimezima simu. Wiki imenichosha, nataka kulala.