Muhuri wa Dirisha la Tatu

Njooni, enyi mliokaa na enyi mliosimama, wekeni kando mlichoshika, mpate habari za Fundi Viatu, bwana wa sindano nene, mshindi wa soli elfu, jinsi alivyoingia posta siku ya Alhamisi na bahasha moja nyeupe, akatoka mikono mitupu na moyo umejaa. Mwenyezi Mungu aongoze kalamu hii, maana jambo ni kubwa na stempu ni ndogo.

Siku hiyo zilitolewa stempu za kumbukumbu ya ndege ya kwanza kutua mjini wakati wa vita, ikileta dawa za majeruhi. Picha yake ilitangulia gazetini. Mama yake Fundi aliitazama kwa kioo cha kukuzia, akaweka kidole chini ya bawa, pale alipochuchumaa mtu mwenye kofia akisukuma gogo la kuzuia gurudumu.

"Huyu ni baba yangu," alisema. "Kofia imemzidi kichwa, bega la kushoto liko juu, vilevile alivyonieleza marehemu mama. Aliondoka na ndege hiyohiyo mimi nikiwa mtoto wa mgongoni, hakurudi. Picha nyingine hatuna."

"Nitakununulia, mama, nikuletee mkononi."

"Mkononi sitaki. Aje kwa posta, agongwe muhuri kama mtu aliyesafiri, apige hodi mlango huu. Hodi hiyo nimeingoja maisha yangu yote."

Basi shujaa akajifunga mkanda, akaenda, akasimama katika mstari ulioanzia nje mlangoni, akasonga hatua kwa hatua kama jeshi linalovuka mto. Alipobakiza mtu mmoja mbele yake aliona vema aombe. Akafumba macho. Akawaombea marubani, akawaombea majeruhi, kisha akawaombea watumishi wa posta, dirisha kwa dirisha. Alipofika kwa wapanga barua, watu sita walikuwa wamempita.

"Tulidhani umelala, mzee," alisema mama mmoja mwenye kikapu, bila haya.

"Nilikuwa naomba."

"Na mimi umeniombea?"

"Nilikuwa sijafika kwako."

"Basi endelea, mimi natangulia."

Ole wake Fundi! Alipolifikia dirisha la tatu ilibaki stempu moja tu. Akailowanisha, akaibandika kwa kidole kilichozoea gundi, akaisukuma bahasha ndani. Na nyuma ya kioo alikaa Dada Nyundo, karani aliyeogopwa na bahasha zote, ambaye akigonga muhuri, vikombe vya chai vya dirisha la pili huruka. Mkono wake ulikuwa umeshapanda.

"Simama, ewe dada mwenye mkono wa chuma!" Fundi alipaza sauti, na posta nzima ikageuka. "Chini ya bawa hilo yuko babu yangu, mkubwa kama punje ya ufuta. Mama yangu hata sura yake haikumbuki. Vita vilimchukua mara moja. Wino wako usimchukue mara ya pili!"

Dada Nyundo akainuka kitini, naye akahutubia. "Fundi, miaka kumi na tisa nagonga mihuri. Nimegonga marais, nimegonga twiga, nimegonga samaki, na hakuna hata mmoja aliyenijia akasema huyu ni ndugu yangu. Sheria inasema muhuri uguse stempu. Usipogusa, barua haiendi."

"Uguse mkia wa ndege, dada. Mkia hauna anayeungoja nyumbani."

Karani akaketi tena. Akatoa miwani, akaivaa. Akavuta gazeti kuukuu, akajaribu duara la kwanza, la pili, la tatu.

"Kushoto kidogo," alisema mama mwenye kikapu, ambaye shughuli yake iliisha zamani lakini hakuondoka.

"Nani anagonga, mimi au wewe?"

"Mkono unakutetemeka."

"Unatetemeka kwa sababu unanipigia kelele!"

"Haya, nimenyamaza."

Fundi aliomba tena, safari hii macho wazi. Muhuri ukashuka polepole kama mwewe anayerudi kiotani, ukagusa karatasi, wala kikombe hakikutikisika. Dada Nyundo akapuliza wino, akatazama, akacheka peke yake, akaitupa barua kapuni.

Jumamosi tarishi alipiga hodi. Mama alikataza mtu yeyote asiinuke. Alikwenda mwenyewe, akishika ukuta, akafungua, akaipokea bahasha kwa mikono miwili.

"Karibu, baba," alisema. "Umechelewa."

"Samahani, bibi," alisema tarishi. "Baiskeli ilipata pancha."

Basi na iandikwe, wasome watakaozaliwa, kwamba mwaka ule, katika dirisha la tatu, duara la wino liliumeza mkia wa ndege, likapanda bawa, likafika upana wa uzi mmoja kutoka kwenye kofia ya mtu, likakoma hapo.