Lango la Undugu na Nyanya za Qodrat

Kwa heshima na taadhima, wananchi wa Iran na Iraq wanaarifiwa kwamba biashara baina ya mataifa haya mawili ndugu imefunguliwa rasmi. Mimi, afisa itifaki mwandamizi, ndiye niliyetunga utaratibu: hakuna lori litakalovuka lango la mpakani la Darreh-Kabud kabla waheshimiwa hawajalivuka. Baada yao, yatapita magari ya bidhaa tu.

Asubuhi utepe ulikatwa. Naibu Waziri wetu wa Iran, Dakta Mirsalehi, akaweka mkono kifuani.

"Tafadhali, ingia kwetu kwanza."

"Haiwezekani," akajibu mwenzake wa Iraq, Ustadh Dhirgham. "Wewe ni nuru ya macho yangu. Ingia kwetu wewe."

"Nivuke kabla yako? Heri nife!"

Uungwana ni vitendo, na ulitendeka mpaka alasiri. Chini ya jua lile, lori la nyanya la Qodrat, mkulima wetu wa Kermanshah, likaanza kuchuruzika. Akanijia mbio.

"Afisa, mavuno yangu ya mwaka mzima yanageuka mchuzi! Wasukumeni hao wazee!"

"Ndugu yangu, diplomasia haisukumwi."

"Basi njoo uziambie nyanya."

Niliyaonea haya maneno yake kwa niaba ya taifa.

Jioni ukapatikana ufumbuzi wa kihistoria: waheshimiwa walivuka kwa mpigo mmoja, kila mtu akaingia nchi ya mwenzake. Tukapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Qodrat naye akavuka. Mkaguzi wa Iraq akabonyeza nyanya moja, ikampasukia mkononi, akamwamuru arudi alikotoka. Mwaka wa jasho ukaishia hapo. Qodrat akageuza lori.

Wakati huo Dakta Mirsalehi alikuwa amezuiwa langoni, upande wa Iraq, akitaka kurudi kwetu.

"Magari ya bidhaa tu, mheshimiwa," askari alimwambia. "Ndio utaratibu."

"Nimeutia saini mimi!"

"Basi unaujua."

Dakta akalisimamisha lori la Qodrat. "Mwanangu, nibebe. Nitakaa hapo mbele."

"Bidhaa hukaa nyuma, mzee. Panda."

Akapanda, akazama kwenye nyanya mpaka magotini. Askari akasogea dirishani.

"Umebeba nini?"

"Mzigo uliooza, kaka."

Askari akainua macho, akamtazama mheshimiwa.

"Wote?"

"Wote."

Akafungua lango.