Darasa la Karata Juu ya Kwa Dobi

Profesa hakuwahi kufundisha chuo chochote. Jina alipewa kwa sababu ya miwani, na miwani yenyewe haikuwa na kazi ila kumfanya aonekane anafikiri. Kazi yake ilikuwa poka. Kwa usahihi zaidi, kazi yake ilikuwa seti moja ya karata, ambayo ree, wafalme, malkia na maghulamu wake wote walikuwa wametiwa alama ya ukucha ukingoni mwa mgongo, ndogo kiasi kwamba aliamini haionwi na mtu asiyeitia mwenyewe.

Seti hiyo ilimlisha miaka miwili. Shida ni kwamba watu wa mtaa walikuwa wamecheza naye mchezo ule ule mmoja, wa karata mbili mkononi na tano mezani, mpaka wakaanza kuujua. Mtu anayejua hutupa karata mapema, na anayetupa mapema hana faida kwa jamii.

Jumatano moja, akiwa kwenye kiti cha kinyozi na povu kidevuni, alisoma kwenye simu makala iliyowashauri wachezaji wapanue ujuzi kwa kujaribu aina nyingine za poka. Ukibadili mchezo, ilisema, unakuwa mwanafunzi upya. Mwandishi, maskini, alikuwa na nia njema. Profesa aliisoma sentensi hiyo mara mbili, na moyo wake ukajaa mapenzi ya elimu.

"Poka umeacha kwa nini?" akamuuliza kinyozi.

"Ulikuwa unanila kila siku."

"Kwa sababu unajua aina moja tu. Ni sawa na kinyozi anayejua kunyoa upara peke yake."

Kinyozi akasimamisha wembe ili afikiri. Alifikiri kwa muda mrefu kuliko Profesa alivyopenda, ukizingatia wembe ulikuwa wapi, kisha akauliza darasa linaanza lini.

Lilianza Jumamosi, saa nne asubuhi, katika chumba cha juu ya kwa dobi. Mvuke wa pasi ulipenya kati ya mbao za sakafu, kwa hiyo wanafunzi waliondoka wakiwa wamenyooka kuliko walivyokuja. Walikuwa watatu: kinyozi, karani mstaafu wa masjala, aliyekuja na daftari na rula, na mama mmoja fundi cherehani, mjane, mpole, ambaye alisema nyumba imekuwa kimya mno tangu mumewe afariki.

Mtaala ulikuwa rahisi. Mchezo mmoja ulifundishwa mpaka mwanafunzi wa kwanza alipoanza kushinda. Hapo Profesa alifunga mada kwa huzuni ya mzazi anayeozesha. "Mmeiva. Tusonge mbele." Wakatoka karata mbili wakaenda karata nne, wakatoka nne wakaenda mchezo ambao nusu ya karata zako zinalala wazi mbele ya watu. Kila somo liliishia kwa mazoezi ya vitendo, ambayo Profesa alishinda. Karani aliandika hasara zake zote daftarini, chini ya kichwa cha habari "Maendeleo".

Mwezi wa tatu wa masomo wakafika kwenye mchezo wa kinyume.

"Hapa mkono mdogo ndio unaoshinda," Profesa alieleza, akichungulia simu, maana huu hata yeye hakuupenda. "Karata tano. Unaweza kubadilisha usizozitaka mara moja. Mwishoni tunatazama karata ya juu ya kila mtu, na mwenye ndogo anachukua. Hata ree ni mzigo."

"Kwa hiyo wafalme hawana maana, mwanangu?" akauliza fundi cherehani.

"Hawana, mama."

"Pole yao."

Sasa, mama huyu alikuwa na mashine ya kudarizi yenye sindano sita, iliyosomesha binti zake wawili. Profesa alikwisha kuipatia mteja. Yalibaki mambo madogo tu, kama vile kuipata. Akatangaza mtihani wa mwisho: anayegawa karata achague aina ya mchezo, na watahiniwa waweke mezani kitu cha kuonyesha kwamba wanaheshimu elimu.

"Mimi nina ile mashine," mama alisema taratibu. "Lakini nikiiweka, na wewe uweke gari."

Profesa akaweka kadi ya gari na ufunguo mezani kabla mama hajabadili mawazo.

Walichezea vifungo vya mashati kutoka kwenye kopo la mama, kila mtu na fungu lake, na atakayevimaliza vya wenzake ndiye angechukua vilivyowekwa mezani. Ndani ya saa moja kinyozi alikwisha, na karani akamfuata, akiandika. Wakabaki wawili. Kila Profesa alipogawa, alichagua karata mbili, na kila alipopata wafalme mama alitupa zake bila kuaga. Kila mama alipogawa, alichagua mchezo wa kinyume.

Mara ya saba, mama alibadilisha karata moja, akazipanga tano zake na kutulia. Profesa akatazama migongo ya karata hizo kupitia miwani. Safi yote mitano. Hakuna alama hata moja.

Kwa miaka miwili macho yake yalikuwa yamejifunza jambo moja tu: migongo safi, mtu hana kitu. Mkononi alikuwa na kumi, nane, tano, nne na mbili, mkono wa wasiwasi, lakini mbele ya mtu asiye na kitu ulitosha. Akasukuma vifungo vyote katikati.

"Vyote, mama."

"Haya," mama akasema, na kusukuma vyake.

Profesa akalaza kumi. Mama akalaza nane, sita, nne, tatu, mbili.

Pasi ilipumua chini ya sakafu. Profesa alizitazama karata zile tano ndogo. Mchezo aliufundisha mwenyewe, ila macho yake hayakuhudhuria.

"Ulijua lini?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Jumamosi ya pili. Miaka thelathini natafuta pini kwenye kitambaa kwa vidole, mwanangu. Ukucha wako ni mkubwa kama jembe."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unafundisha vizuri. Nikaona nisikukatishe."

Akachukua kadi na ufunguo, akakusanya vifungo vyake, akamshukuru kila mmoja na kuteremka. Baada ya dakika chache wakasikia gari likiwaka, likirudi nyuma, likigonga pipa la dobi. Dobi alitoka kulalamika, akapewa na mama jibu la upole, akarudi ndani, na gari likaenda zake.

Kinyozi alikuwa amegeukia ukutani, mabega yanamtetemeka. Karani alikuwa bado anaandika. Alipomaliza alipiga mstari kwa rula, akainua kichwa, na kuuliza kwa heshima zote:

"Profesa, wiki ijayo tunajifunza upi?"

Profesa alivua miwani, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Wa kutembea kwa miguu, mzee. Hebu nionyeshe njia ya kituo cha basi."