Samaki wa Injinia na Mama Mkwe Bafuni

Leo sina uso, ndugu zangu. Msiniulize umekwenda wapi, kambi nzima ya wafanyakazi inajua.

Nawaandikia hapa barazani kwa jirani yangu, Mama Kapinga, kwa sababu nyumbani kwangu siruhusiwi kuingia. Nyumba ninayolala mimi! Nimeona heri mpate habari kutoka kwangu kabla hazijawafikia huko Kisenge kwa mdomo wa Mama Kapinga. Ameshazisimulia tangu mchana, na kila akisimulia, mimi navuliwa nguo moja zaidi.

Mnajua nafanya kazi maabara ya mgodi wa shaba, kazi ya kupima. Na mkuu wangu mnamjua kwa sifa: Citoyen Injinia (siku hizi hakuna bwana, sote ni citoyen, raia), yule mwenye tangi kubwa la kioo sebuleni, limejaa samaki wa baharini. Bahari iko wapi na Kolwezi iko wapi? Hata mimi nilimuuliza siku ya kwanza. Akanijibu, "Citoyen Kalonji, bahari ni maji na chumvi. Maji tuko nayo. Chumvi banauzisha." Tangu siku ile nampenda.

Basi juma lililopita akaniita ofisini kwake, akafunga mlango. Rafiki yake rubani anamletea samaki mpya kutoka Moanda. (Kumbe tuna bahari yetu wenyewe! Samaki ni raia wa Zaïre kama mimi.)

"Samaki mugeni haingiake fasi bengine iko mara moja," akasema. "Anaweza kuya na magonjwa, bote banakufa. Inafaa akae ye peke yake mu quarantaine, majuma kidogo, tunamuangalia. Mais kwangu batoto banagusaka kila kitu. Weye njo unajua kupima. Muweke kwako."

Nikajikuna kidevu, nikajifanya nafikiri.

"Akitoka muzima," akasema, "fasi ya chef wa labo iko yako."

Ndugu zangu, mngekuwa ninyi mngefanya nini? Mimi mkuu wa maabara, na mke wangu Ngalula angeitwa mke wa chef. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza kupumua.

Hivyo ndivyo bafu langu lilivyogeuka kuwa karantini. Nyumba yetu mnaijua, watoto na kuku wanapita kila chumba, bafu peke yake ndilo lina mlango unaofunga sawasawa. Nikaweka tangi dogo la kioo juu ya meza. Mchanga sikutia, maana mchanga huficha vijidudu. Nikatia kipande cha bomba, mgeni apate mahali pa kujificha. Nikatia sifongo, pampu ya hewa na chuma cha kupasha maji moto. Umeme haukuwepo bafuni, kwa hiyo waya niliuvuta kutoka chumba cha kulala, ukazunguka nje na kuingia kwa dirisha la bafu. Dirisha likawa halifungiki tena. (Kumbukeni mimi ni mtu wa maabara, si fundi.)

Chumvi ya Injinia nilipima kwa kipimo cha kioo kinachoelea, kisha nikaonja kwa ulimi ili kuwa na hakika. Injinia alinipa pia kichupa cha dawa ya kuua vijidudu vya ngozi ya samaki. Dawa yenyewe ni nini? Shaba! Eti nisome vizuri namna ya kuitumia. Mimi, ambaye shaba naivuta puani kila siku!

Kando ya tangi nikaweka karai kubwa la plastiki, limejaa maji ya bahari ya akiba, ya kubadilishia. Leo asubuhi niliyapasha moto jikoni, nikayafunika kwa blanketi ili yasipoe. Huu ni msimu wa baridi, na ninyi mnajua upepo wa Kolwezi.

Ngalula alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Kalonji, sasa sisi tutaogea wapi?"

"Inje, na ndoo. Ni majuma kidogo tu."

"Na mama akifika?"

"Mama anakuya na treni," nikamwambia. "Treni ya Kasai! Banasema leo. Leo ya treni ni siku gani?"

Hata yeye alicheka. Na ni haki. Treni ikisema Jumanne, mtu wa hapa anasikia Ijumaa, na mwenye imani kubwa anasikia Alhamisi. Mkwe wangu alikuwa anatoka Luputa na kubadilisha treni Tenke, maana yake kwa hesabu zangu alikuwa bado anauza kuku wake nyumbani.

Hapa niwakumbushe jambo, kwa ajili ya wale mliooa kwingine. Kwetu watu wa Kasai, mwanamume na mama mkwe wake hawapeani mkono. Hawali pamoja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia majanini. Jina lake silitaji hata hapa kwenye karatasi. Sauti yake nilikuwa nimeisikia mara moja tu, siku ya ndoa, nyuma ya mlango. Basi hiyo ndiyo heshima yenyewe, na mimi kwa heshima sina mfano. (Nilikuwa sina.)

Leo nikavaa abakosti yangu ya kijivu, lile koti letu la vifungo mpaka shingoni, nikaenda uwanja wa ndege pamoja na Injinia. Rubani akatoa mfuko wa plastiki uliofungwa kwa mpira, nusu maji, nusu hewa. Ndani, samaki wa ukubwa wa kiganja, wa manjano, na mistari myeusi kama pijama. Nilimpenda papo hapo. Injinia akaushika mfuko kwa mikono miwili, akanipa kama anayempa padri mtoto wa kubatizwa.

"Kesho asubui nitakuya kumuona," akasema. "Usimwache kwa baridi."

Dereva wa Injinia akanishusha karibu na kwangu, akageuza gari. Nikafika mlangoni. Umefungwa! Nikagonga. Nikaita, "Ngalula! Eh, Ngalula!" Kimya. Ufunguo ni mmoja tu, na Ngalula hutembea nao.

Upepo ukavuma. Nikatazama mfuko: samaki ameanza kulala upande. Nikaona uchef wa maabara unalala upande pamoja naye. Nikafungua vifungo vya abakosti, nikauingiza mfuko tumboni, nikafunga tena. Nikawa na tumbo la mkurugenzi.

Ndipo nikakumbuka dirisha la bafu. Halifungiki! Ulimwengu unapenda watu wasio mafundi.

Nikazunguka nyuma ya nyumba, nikapata kasha tupu la bia, nikalisimamisha wima, nikapanda. Nikasukuma dirisha. Mvuke ukanipiga usoni. Nikajiambia, ah, lile joto la maji yangu, safi kabisa. Nikaingiza kichwa, nikaingiza mabega. Tumbo likakwama. Nikavuta pumzi, nikajisukuma mbele, nikasikia maji yanamwagika, chwaa, chwaa. Nikadhani ni pampu.

"Njo nani ule?"

Ndugu zangu. Sauti ile.

Treni ilikuwa imefika! Leo! Treni iliyosema leo ilikuwa imefika leo! Tangu Mungu aumbe reli haijafanya hivyo, ikangoja siku ya samaki wangu.

Nilifunga macho. Narudia, ili iandikwe popote panapoandikwa mambo: nilifunga macho. Lakini nilikuwa nusu ndani nusu nje, mbele ya mkwe wangu, na mtu mwenye adabu akikutana na mkwe wake hufanya nini?

Nikamsalimia.

"Moyo, mamu," nikasema, salamu ya kwetu Kasai, taratibu, kwa sauti ya kanisani.

Kelele aliyopiga sijawahi kuisikia, hata king'ora cha mgodi hakifiki pale. Mimi nikashtuka, nikarusha miguu, kasha likaanguka. Nikabaki nimening'inia kwa tumbo. Kifungo cha abakosti kikakatika. Na mfuko wa Injinia ukateleza kifuani, ukapita chini ya kidevu, ukaenda. Nikausikia ukitua ndani ya karai. Chubwi!

"Mamu wanyi! Sasa ananitupia kintu!"

Nje nako watu walikuwa wamesikia. "Muizi! Muizi kwa Kalonji!" Mikono ikashika miguu yangu, ikaanza kuvuta. Kiatu kimoja kikatoka. Mtu akanipiga na ufagio mahali nisipoweza kupataja. Nilitaka kupiga kelele kwamba mimi ndiye mwenye nyumba, lakini nitapigaje kelele usoni kwa mkwe?

Aliyeniokoa ni Mama Kapinga, kama huku ni kuokolewa. "Bachilia!" akasema. "Ile soksi ya kutoboka ni ya Tata Kalonji! Naionaka kila siku ku kamba!"

Wakanivuta, nikaanguka chini. Nikafungua macho. Kambi nzima ilikuwa pale, pamoja na katekista. Na Ngalula, ametoka sokoni mbio, kuku kwapani. Alikuwa amempokea mama yake kituoni, amemwingiza ndani, amekuta maji ya moto bafuni yamefunikwa vizuri, akamwambia mama aoge, akafunga mlango na kukimbilia kitoweo. Maji ya moto bafuni! Akafikiri nimebadilisha mawazo na kumwandalia mgeni.

"Kalonji," akasema polepole, "unatafuta nini ku dirisha ya mama?"

"Samaki," nikajibu.

Watu wakaangaliana. Najua hilo jibu halikunisaidia.

Kesi ikaanza hapo hapo uani. Mkwe wangu, ameshavaa, alikaa ndani nyuma ya mlango, na mfuko wa samaki mapajani. Mimi nje, na kiatu kimoja. Kwa kuwa hatuwezi kusemezana, Mama Kapinga alisimama katikati, akibeba maneno. Kazi hiyo ilimfurahisha mno.

"Mama anauliza: ulimuona?"

"Sikuone kitu! Mi nilifunga macho!"

Akaingia, akatoka. "Anauliza: kabisa?"

"Kabisa!" nikasema. Hapo ningenyamaza ningekuwa nakula kwangu saa hizi. Lakini mimi ni mtu wa maabara, napenda uthibitisho. Nikaongeza, "Na ata ningefungula macho, singeona kitu. Povu ya sabuni ilimufunika yote, mupaka ku shingo!"

Ufagio ukamwanguka mtu mkononi. Ngalula akaweka mkono kichwani. Katekista akageuka akatazama mbali.

Mama Kapinga hakuingia mara moja. Alinitazama kwa huruma, kisha akaingia. Aliporudi alikuwa ameuma mdomo.

"Mama anasema aksanti kwa maji ya moto. Mais anauliza sababu gani ulitia chumvi. Ngozi inamukauka, iko sawa makayabu."

Makayabu! Mkwe wangu nimemfanya samaki wa chumvi, yeye aliyetoka Luputa mzima.

"Mwambie aogee maji ya bomba," nikasema. "Mwambie pia, tafazali, samaki iko anakufa!"

Maana hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu wakati wote. Mfuko ulikuwa haujapasuka, ashukuriwe rubani, lakini hewa ilikuwa inaisha. Nikasahau aibu. Nikaanza kutoa maagizo kwa sauti: mfuko uelee kwanza ndani ya tangi, upate joto. Ufunguliwe. Maji ya tangi yaingizwe kidogo kidogo kwa kikombe. Halafu samaki aachiliwe peke yake, bila maji ya mfuko. Nasema mimi, anabeba Mama Kapinga, anapokea Ngalula, anafanya mama mkwe. Kila agizo lilifika limechakaa. Kuna wakati nilisikia wanabishana ndani kama samaki apewe ugali.

Nilisimama uani nikiwa nimeshika suruali isianguke, nikiomba. Sijawahi kuomba hivyo hata kwa mtihani wa serikali.

Mwishowe Mama Kapinga akatokea. "Anaogelea!" akasema. Watu wakapiga makofi, nami nililia. Ndiyo, nililia, mbele ya katekista.

"Ngoja, haiyaisha," akasema. "Mama anasema anaamini hauna roho mbaya. Mais muko, ni kusema mukwe, hachunguliake muko wake. Unaleta mbuzi, mbuzi muzima, dume. Mbele ya mbuzi kufika, haurudi mu nyumba. Na samaki anabakia kwake, rehani."

"Ile samaki ni ya Injinia!" nikasema. "Atakuya kesho!"

"Nilimuambia. Anasema Injinia naye alete mbuzi."

Nikamwomba arudi amweleze vizuri, kwamba ni samaki tu, hana hatia. Akarudi na jibu ambalo nitazikwa nalo.

"Mama anasema ule samaki iko na heshima kukupita weye. Wakati mama alifungula nguo yenye kulowana na maji ya tangi, abadili, samaki aliingia mu tuyau, mu ile bomba yako, akabakia mule mupaka mama anamaliza kuvaa."

Hivyo ndivyo mambo yalivyo jioni hii. Kutoka hapa barazani nauona mwanga wa bafu langu. Mkwe wangu ameweka kiti mbele ya tangi na anamwimbia samaki wimbo wa Luputa. Ngalula amenitumia kiatu changu na paja la kuku. Kesho asubuhi Injinia atapiga hodi kwangu, na mimi nitamfungulia kutoka nyumba ya pili.

Kwa hiyo nawasihi, ndugu zangu, msinicheke. Na atakayeshindwa kujizuia, karibu aje acheke hapa hapa barazani, usoni kwangu, sitakasirika. Lakini aje na mbuzi.