Ombi la Kurudisha Ugonjwa wa Binti Yangu Mukasine

Burungu, siku ya soko, mwezi wa kumi 1954

Kwa Bwana Daktari mheshimiwa,

kwa mikono ya Hilaire, msaidizi wako wa dispanseri, ambaye ni shemeji yangu na ndiye atakayekugeuzia maneno haya kwa Kifaransa. (Hilaire, usiruke neno hata moja. Dada yako amesimama nyuma yangu ninapoandika.)

Pokea salamu na heshima zetu. Mimi ni Straton Sebarenzi, mlimaji wa maharagi na viazi hapa Burungu, mkristo, baba wa Mukasine. Utamkumbuka Mukasine. Ni yule msichana wa miaka minane aliyekunyang'anya nyundo yako ndogo siku ulipokuja kutuchanja, akakugonga nayo gotini ili aone kama mguu wako nao utaruka. Uliruka, na mstari mzima uliuona. Nakushukuru kwamba ulicheka, maana mimi nilikuwa natafuta pa kujificha.

Sina neno juu ya chanjo. Mkono ulivimba na umepona. Ninaandika juu ya ugonjwa uliotuachia ulipoondoka. Ulimwandikia Mukasine karatasi, na kwa adabu yote ninaomba uje uchukue ugonjwa wako, kwa sababu mtoto wangu haumwi. Mtoto wangu ni mtundu. Utundu si kazi ya daktari, ni kazi ya baba, na baba nipo, nina afya, na sauti yangu inasikika hadi ng'ambo ya bonde. Malalamiko yangu nimeyapanga hapa chini ili usichoke.

1. Jina lenyewe. Wewe ulisema neno la Kifaransa, neno refu na safi, na sisi tulilipokea vizuri kwa kuwa hatukulielewa. Kisha Hilaire akasimama mbele ya watu wote, akatangaza kwa sauti ya kanisani: "Huyu mutoto iko na maladi ya mishipa!" Bwana Daktari, labda katika vitabu vyako mishipa ni nyuzi zinazopita kichwani na kubeba mawazo. Hapa kwetu mushipa ni ule unaowashukia wazee chini ya tumbo, wakaanza kutembea wameachanisha miguu kama mtu anayevuka matope. Kilima kizima kikajiuliza mtoto wa kike ameupata wapi. Mama mkwe wangu alitoka Ngungu kwa miguu, na ile njia unaijua ilivyo mbaya, kuja kutazama kwa macho yake. (Ni mama yako huyo, Hilaire. Magoti yake bado yanamuuma.) Mzee Hakorimana, ambaye mushipa wake unajulikana hata na wapita njia, sasa akimwona Mukasine anavua kofia na kumwita mugonjwa mwenzake. Alimletea na mizizi ya kuchemsha. Mukasine akaipokea kwa mikono miwili, akamuuliza kama na yeye amekatazwa kuchota maji.

2. Dawa. Karatasi inasema mtoto alale mchana, anywe maziwa, asitumwe kazi za kuchosha, wala asipigiwe kelele, mpaka mvua zipite. Mimi ningepata ugonjwa wa namna hiyo ningemwomba Mungu asiniponye. Na kuna jambo hukulifikiria, Bwana Daktari: ulimwandikia ugonjwa mtoto anayejua kusoma. Hilaire aliigeuza ile karatasi kwa Kiswahili ili sisi wazazi tuelewe, na wa kwanza kuielewa alikuwa mgonjwa. Ameishika kichwani kuliko Baba Yetu. Nikimwambia achukue kibuyu aende mtoni, jibu ni "Papa, docteur alikataza." Nikipaza sauti, anafumba macho, anaweka mkono kwenye paji la uso na kusema kwa huruma, "Mishipa yangu." Basi nimejifunza kumgombeza mtoto kwa kunong'ona. Jaribu siku moja. Mtu akikuona kwa mbali anadhani unasali. Juzi nilimkuta juu ya paa la nyumba ya ndama, na kwa upole, kama ulivyoagiza, nikamuuliza anafanya nini huko. Akasema anapumzika.

3. Ugonjwa huu unaambukiza, jambo ambalo hukutuonya. Jirani yangu Emérita ana mtoto anayeitwa Védaste, mchunga mbuzi. Mtoto huyo alikuwa mzima kabisa mpaka siku mbuzi wake walipoingia katika mtama wa watu. Siku hiyo hiyo akaeleza kwamba miguu yake haitulii na mawazo yake yanakimbia. Emérita alikuja kwangu mbio, kitambaa kimemtoka kichwani: "Papa Mukasine, ile maladi yenye kukatalia mutoto fimbo, wangu naye iko nayo! Wanaandikisha wapi?" Leo ukipita Burungu hutamkuta mtoto mzima, isipokuwa yule wa Sidonie, na yeye ni kwa sababu hajaanza kutembea. Bibi zao ndio wanaopalilia maharagi, na bibi hawana karatasi.

4. Nilitaka kuwa mtu wa haki, nisikatae kitu bila kukichunguza. Nikamwomba Hilaire anisomee tena dalili: mgonjwa hatulii mahali pamoja, anaanza jambo na kuliacha, anajibu kabla ya swali kuisha, anashika visivyo vyake. Nikatembea nazo kilimani. Beberu wangu anazo zote. Katekista wetu anasema Amina kabla padri hajamaliza, kwa kuwa anawaza chakula. Wale waliokuja kutujengea daraja walisimika nguzo mbili wakaondoka, na sijasikia kwamba wameagizwa wanywe maziwa. Na wewe mwenyewe, Bwana Daktari, usinikasirikie: ulimuuliza mke wangu Libérata kama mtoto huyu alitembea mapema, na kabla hajafungua mdomo ulikuwa umekwisha kuandika. Mimi nimejikuta na dalili tatu, Libérata anasema nne. Kwa hiyo naomba, kama ugonjwa huu ni wa kweli, niandikiwe na mimi, ili siku za kazi ya barabara nimwonyeshe kapita anayetusimamia kwamba nimekatazwa kupigiwa kelele na kwamba mchana ni saa yangu ya kulala. Ukiona ombi hilo ni la kipumbavu, basi tumekubaliana, na mtoto afutiwe.

5. Hili ndilo linaloniuma. Hayo mengine nimeyatanguliza ili nipate nguvu ya kulifikia.

Mwalimu Floribert, yule aliyekuletea Mukasine siku ile akisema hatulii darasani, alipoisoma karatasi yako alimfungia mlango. Anasema shule si hospitali. Anasema mgonjwa akae kwao, na kama mvua zitapita na bado hatulii, nafasi yake itapewa mtoto mwingine. Bwana Daktari, wengi walinicheka nilipompeleka mtoto wa kike shuleni. Walisema ng'ombe za mahari hazijui kusoma. Niliwaacha wacheke, kwa sababu niliona jinsi anavyotazama maandishi, hata yale ya kwenye gunia la chumvi. Sasa kila asubuhi anatoroka kitanda chako cha mapumziko, anakwenda kusimama nje ya ua wa shule. Mwalimu akiuliza kitu ndani, yeye anajibu kutoka nje, kwa sauti, kabla ya wale walio ndani. Mwalimu anasema huo ndio ushahidi wa ugonjwa. Mimi nasema huyo ni mtoto anayetaka kuingia, na ananitia uchungu kuliko ninavyoweza kuandika.

Kwa hiyo kauli yangu ni moja. Mnirudishie mtoto wangu mtundu. Wazee wetu walisema mti hunyoshwa ungali mchanga, na waswahili wanasema mchelea mwana kulia hulia mwenyewe. Watoto wa kilima hiki walinyoshwa na fimbo tangu babu wa babu, na hakuna aliyehitaji neno la Kifaransa. Nami nitamnyosha wangu kwa mkono wangu, bila huruma, kama inavyompasa baba mkristo. Fimbo yenyewe bado sijaichagua, kwa maana msimu umekuwa na kazi nyingi, lakini miti ipo.

Nimemaliza. Msalimie mke wako, na watoto kama Mungu amewajalia, na ikiwa wanapanda paa usiwaandikie kitu. Msalimie dereva wako aliyewazungusha watoto wetu katika motokari, wanamtaja mpaka leo. Salamu kwa masista wa hospitali, kwa mpishi wako, kwa wagonjwa wote walio wagonjwa kweli. Libérata anakusalimu, na anasema dalili zangu ni tano.

Ni mimi mtumishi wako, baba wa mtoto mzima,

Straton Sebarenzi

P.S. Bwana Daktari, ngoja kidogo. Barua ilikuwa imekwisha kukunjwa Mwalimu Floribert alipopita hapa kwangu. Nikaikunjua, nikamsomea yote, kwa kiburi, nikidhani nimemshinda. Alisikiliza vizuri sana. Akasema nimenena kweli tupu, hata yeye hakuwahi kuamini ugonjwa ule, na Mukasine arudi shuleni kesho. Nilifurahi hata nikamwita Libérata alete pombe ya mtama. Kumbe mwalimu alikuwa hajamaliza. Akasema: "Papa Mukasine, kama haiko mugonjwa, basi iko na kosa." Kwa hiyo kesho atalazwa chini mbele ya wenzake, achapwe kwa makosa yake yote tangu Pasaka, na mimi niwepo. Nianze mimi, akasema, maana nimeandika mwenyewe kwamba ni kazi ya baba.

Mimi fimbo naijua. Niliilalia wakati wa vita, tulipokuwa tukichimba barabara. Kosa langu lilikuwa nini sikumbuki hata kidogo. Nakumbuka uso wa mtu aliyekuwa akihesabu viboko. Sasa hivi Mukasine yuko hapa uani, anamfundisha ndama kusema ba, be, bi, na anamkaripia kwamba hatulii. Nimeutazama mgongo wake kwa muda mrefu, nikitafuta mahali pa kuweka fimbo, na sikupaona.

Basi uniwie radhi, mtoto huyu anaumwa. Anaumwa sana. Nimemwambia hivyo mwalimu, ameondoka bila kunywa. Shule itangoja mpaka mvua zipite, na ikikataa kungoja tutatafuta nyingine, hata kama ni mbali. Kwa sasa nitamsomesha mimi kwa herufi nilizo nazo, ingawa yeye ananipita. Usifute kitu katika ile karatasi. Na kama pana nafasi, ongeza chini kwamba mgonjwa huyu asiguswe na mtu yeyote, awe mwalimu, awe baba yake, kisha upige muhuri mkubwa. Mwalimu Floribert haamini mishipa, lakini muhuri anauheshimu.