Usawa wa Kikanda Ndani ya Tangi la Samaki

Kwa furaha isiyo kifani, Mamlaka ya Utulivu wa Wananchi, Kanda ya Mlima, iliutangazia umma kwamba tatizo la foleni limekwisha. Foleni yenyewe haikupungua hata mtu mmoja. Kilichoongezwa ni tangi la samaki. Utafiti wa Mamlaka ulikuwa umebaini kwamba mwananchi akitazama samaki kwa saa tatu husahau alichofuata, na mwananchi aliyesahau alichofuata ni mwananchi aliyehudumiwa.

Basi tangi likawekwa katika ukumbi wa ofisi hizo mjini Meru, kando ya dirisha nambari moja, ambalo ndilo dirisha pekee lililowahi kufunguliwa, tena na Mkurugenzi mwenyewe, siku akipenda. Ndani wakatiwa samaki sita, binamu wa tilapia, wenye mistari ya samawati na tabia za vijana wa stendi. Walifukua changarawe, wakafukuzana, wakapigania kila kona kana kwamba ina hatimiliki. Mmea uliopandwa saa mbili asubuhi, saa nne ulikuwa unaelea, mizizi nje, kama matandiko ya mpangaji aliyefukuzwa.

Aliyekabidhiwa msiba huu alikuwa Gladwell, mzaliwa wa Karurumo, mfagizi wa ukumbi kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, mwaka wa nne sasa. Mkurugenzi Bundi alimwita ofisini akamwambia bila kuinua macho:

"Gladwell, Katibu wa Wizara anakuja kukagua Ijumaa ya wiki ijayo. Akikuta mimea imesimama, unaajiriwa kabisa, pensheni na kila kitu. Akikuta inaelea, na wewe utaelea."

Gladwell alitoka hapo mbio. Kazi ya kudumu! Miaka minne alikuwa akiiombea kanisani, na leo imewekwa mikononi mwa samaki. Alikwenda moja kwa moja kwa Abdirizak, aliyeuza chakula cha kuku na samaki wa mapambo karibu na soko.

"Unapanda wapi?" Abdirizak akauliza.

"Kwa changarawe."

"Wallahi, dada, ndiyo maana! Hao ni wachimbaji. Ukiwapandia, unawapa kazi. Chukua huu, unaitwa anubia. Jani lake gumu kama ngozi, tena chungu. Na usipande. Funga kwa jiwe, na uzi. Shina ukilizika linaoza. Watavuta siku mbili, watachoka, warudi kupigana wao kwa wao."

Ikawa hivyo hivyo. Samaki walivuta Jumatatu, wakavuta Jumanne, na Jumatano wakanyosha mikono, kama wangekuwa nayo. Anubia ukasimama juu ya jiwe lake. Gladwell akapiga deki ukumbi mzima akiimba pambio.

Maskini, hakujua amekosa. Alikuwa amefaulu bila kamati.

"Huu mmea ni wa wapi?" Bundi aliuliza, mikono nyuma.

"Wa duka la Abdirizak, Mkubwa."

"Sijauliza duka. Nauliza unawakilisha nani."

Gladwell akautazama mmea.

"Unaona? Tangi la umma, mmea mmoja, na hauna hata kwao. Kesho watu wa Kianjai wataandamana, nitawaambia nini?"

Jiwe likatolewa na kutiwa kwenye ndoo chini ya sinki, kusubiri uchunguzi wa kamati. Gladwell akapewa barua ya onyo kwa kutenda kabla ya kamati kuamua. Kesho yake ikaundwa Kamati Teule ya Mimea ya Majini, na umma ukashirikishwa kama katiba inavyotaka. Kila upande ulileta mmea wake. Beverlyne wa Kiirua alileta viazi vilivyoanza kuchipua. Mutwiri wa Kianjai alileta maharagwe na kijiti cha kuyapandia. Nthiga alitoka Karurumo na mche wa kahawa ndani ya mkebe. Mjumbe mmoja akauliza kama kanuni ya thuluthi mbili ya jinsia imezingatiwa, kamati ikatoka nje kutafakari, ikarudi na mahindi, kwa kuwa mahindi yana dume na jike kwenye bua moja.

Gladwell aliinua mkono. "Samahani, wakubwa. Samaki watang'oa vyote."

"Mama," Mutwiri akamjibu, "mimi nimelima tangu nizaliwe. Leo unanifundisha kupanda?"

"Ile ya kwanza ilielea kwa sababu uliipanda bila samadi," akaongeza Nthiga kwa upole, maana Gladwell alikuwa wa kwao. "Mche bila samadi ni mtoto bila uji."

Hoja ikapita bila kupingwa. Alhamisi ya wiki iliyofuata wajumbe walinyosha kamba ndani ya tangi, wakapima nafasi kati ya shina na shina, wakatia samadi ya mbuzi viganja viwili kila shimo. Maji yakawa chai ya maziwa. Samaki nao waliyaona mapambo yale kama harusi yao. Gladwell alibadilisha maji ndoo kwa ndoo mchana kutwa, machozi yakimdondoka, kwa sababu alijua jina litakaloandikwa kwenye barua ya kufukuzwa, na halikuwa la Nthiga wala la Mutwiri.

Ijumaa saa tatu gari la Katibu likapiga honi langoni. Ndani ya tangi, Kiirua ilikuwa inaelea, Kianjai imelala chali, na Karurumo imeliwa nusu.

"Gladwell!" Bundi akanong'ona kwa ukali. "Leta lile jiwe!"

"Mkubwa, bado liko chini ya uchunguzi."

"Naamuru mimi!"

"Uamuzi wa kamati hutenguliwa na kamati, Mkubwa. Imeandikwa kwenye barua yangu ya onyo, na sahihi ni yako."

Hakusema kwa ujeuri, la. Alikuwa anaogopa barua ya pili.

Bundi akavua koti, akakunja mikono ya shati, akasimama nyuma ya tangi na kuzamisha mkono wa kulia hadi kwapani. Akakusanya mashina yote manne na kuyashikilia wima. Samaki, ambao tangu waje hawajawahi kuletewa vidole, wakasogea.

Katibu aliingia. Alikuwa mama mfupi mwenye miwani na daftari. Bundi akampa mkono wa kushoto.

"Aka! Wa kushoto?" foleni ikaguna. "Kwa mama mzima?"

"Mkurugenzi, wa kulia una nini?" Katibu akauliza.

"Uko kazini, Mheshimiwa. Kama unavyoona, mimea hii ni shiri... ai! ...shirikishi, na ina mizizi katika ja... woi! ...katika jamii."

Ukumbi ukapasuka. Mzee mmoja aliyekuwa akifuatilia cheti tangu Februari alicheka mpaka akakaa sakafuni. Hakuna aliyeuliza dirisha litafunguliwa saa ngapi. Katibu aliwatazama kwa makini, akaandika kurasa mbili.

"Nimekagua kanda zote," akasema. "Utulivu wa namna hii sijauona popote. Mkurugenzi, kuanzia leo wewe ni Mshikilia Mimea Mkuu, saa mbili mpaka saa kumi na moja, mkono ndani. Usiutoe bila idhini ya dirisha nambari moja."

"Lakini Mheshimiwa, dirishani atakaa nani?"

"Nani anajua shida za watu hawa?"

Foleni nzima ikamwonyesha Gladwell, aliyezisikiliza miaka minne akizungusha deki miguuni mwao. Katibu akamwandikia barua ya kazi ya kudumu papo hapo, akamkabidhi mhuri. Gladwell akaibusu ile barua mbele za watu, bila haya. Kisha akafungua dirisha nambari moja, akafungua na la pili lililokuwa limekwama kwa kutu. Kufikia saa saba mzee wa Februari alikuwa ameshapata cheti chake, na ukumbi ulikuwa mtupu.

"Gladwell, mama yangu," sauti ikatoka nyuma ya tangi. "Nipe idhini nitoe mkono. Wananidonoa."

Gladwell alimwonea huruma, kweli. Akamletea kiti.

"Pole sana, Mkubwa. Jambo kama hilo lazima umma ushirikishwe kwanza," akasema, akiangalia viti vilivyobaki wazi. "Na umma wote umeshahudumiwa, umeenda nyumbani."